Tangi la Gathogo

Prado nyeusi ilikata kona ya Kawangware 46 bila kuonyesha ishara.

Syombua akakanyaga mafuta. Subaru Forester ikanguruma, ikalikwepa toroli la mitungi, ikamkosakosa mbuzi aliyekuwa akivuka kwa madaha, ikatumbukia shimoni.

Kuliita shimo ni adabu tu. Lilikuwa bwawa.

Gurudumu la mbele lilipasuka. Usukani ukamtoka mikononi. Gari lilipotulia lilikuwa limeinama upande mmoja kwenye maji ya kahawia, na Prado ilikuwa imeshapotelea kati ya vibanda na nguo zilizoanikwa.

Syombua aliufumba mdomo ili asitukane. Asubuhi hiyo alikuwa amebishana na karani wa magari mpaka sauti ikamkauka, akapewa lita kumi tu za petroli. Tangu bei ya mafuta ghafi ipande huko Ghuba, Kitengo chake cha ujasusi kilikuwa kikipimiwa mafuta kama dawa ya mtoto. Jasusi wa serikali, mwenye Glock 19 kiunoni, alikuwa akizima injini kwenye miteremko ili asiishiwe. Alikuwa amefanya hivyo kutoka mjini hadi hapa, kwa uvumilivu wa mtawa, na sasa barabara yenyewe imemmeza.

Alibonyeza kidude kilichokuwa sikioni.

"Mzinga, hapa Nyuki Mbili. Nimempoteza."

"Umempoteza vipi?" Ilikuwa sauti ya Wepukhulu, mkuu wake wa operesheni, mzee aliyezoea habari mbaya.

"Barabara."

"Barabara imefanya nini?"

"Haipo, mzee."

Wepukhulu alipumua kwa nguvu. "Mtafute kwa miguu. Hatuna gari lingine."

Mtu mwenyewe aliitwa Lindqvist, dalali wa mafuta kutoka Ulaya, mpole, mwenye Kiswahili cha darasani na viatu vya bei ya nyumba ndogo. Ujanja wake ulikuwa mwepesi kuelewa. Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya hukatwa tozo ya kutengeneza barabara. Mwananchi hulipa, hulalamika, kisha hulipa tena. Bei ya dunia ikipanda, wakubwa huketi na kusema wananchi waonewe huruma, tozo ipunguzwe, na huruma hiyo huanza kwa kuegesha matingatinga. Bei ikishuka, matingatinga hayaonekani tena. Lakini petroli inayokwenda nchi jirani haikatwi hata ndururu, kwa kuwa inapita tu. Lindqvist aligundua kwamba petroli inayopita inaweza kusahau kupita.

Wiki hiyo lori moja lilivuka mpaka likiwa na lakiri ya kielektroniki na makaratasi safi. Petroli yake ilibaki nyuma. Mahali fulani Nairobi ilichanganywa na mafuta ya taa.

Hapo ndipo magendo yalipogeuka kuwa mauaji. Mchanganyiko huo ulikuwa uuzwe Kibera kama mafuta ya taa, kwa bei ya chini kuliko kokote. Petroli ndani ya stovu hailalamiki. Inalipuka. Na Jumatatu kamati ya baraza la mawaziri ilikuwa ikutane kuamua kama maskini waendelee kupikia mafuta ya taa, au yapigwe marufuku na kampuni moja ipewe kuuza gesi nchi nzima kwa miaka kumi. Kampuni ya Lindqvist ndiyo iliyokuwa mbele kwenye foleni. Alichohitaji ni Jumamosi moja ya moto.

Leo ilikuwa Jumamosi. Watu wa Kibera huwasha stovu jioni.

"Kamata kila lori la mafuta lililo mjini," Syombua alikuwa amemwomba Wepukhulu asubuhi.

"Kwenye kompyuta hayo mafuta yako nje ya nchi," Wepukhulu alimjibu. "Siwezi kupewa kibali cha kukamata mafuta ambayo hayapo."

Alisema hivyo bila kucheka. Syombua alitamani kuivunja simu.

Sasa alitembea, matope yakimpanda hadi vifundoni, akiuliza bila kuonekana anauliza. Muuza mahindi alikuwa ameiona Prado. "Imeingia kwa Gathogo," alisema. "Leo ana ruracio. Msichana wake Shiru anatolewa mahari na watu wa Machakos."

Gathogo alijulikana na kila mtu. Baba yake aliimiliki ardhi hiyo wakati ikiwa mashamba ya mahindi, naye akaijaza vyumba vya mabati na wapangaji. Pia alikuwa mkandarasi wa barabara. Barabara iliyommeza Syombua ilikuwa yake, iliyosimama nusu, ati pesa za tozo hazijafika. Syombua alipoambiwa hivyo alihisi kichwa kikimgonga. Mtu analia kwamba hakuna tozo, huku uani kwake huenda ameficha mafuta yaliyoikwepa.

Langoni kwa Gathogo kulikuwa na kelele tamu. Wageni wa Machakos walikuwa nje, wamebeba mikate, unga, sukari, kreti za soda na mablanketi, wakiimba waruhusiwe kuingia. Ndani, wanawake wa Kawangware walikuwa wameshikilia lango la chuma na kuimba wakikataa. Ndivyo ilivyo. Mkwe haingii kwa mlango kama anaingia sokoni. Ataimba, atasifu, atapenyeza kitu kupitia kitundu cha lango, ndipo lifunguliwe.

Syombua alimsogelea mama aliyekuwa akihangaika na kreti ya soda, akamsalimia kwa Kikamba, akampokea mzigo. Mwingine akamfunga lesso kiunoni, juu kabisa ya Glock, bila kujua. Lango lilipofunguka aliingia akicheza mabega kama wengine. Wa Machakos walidhani ni wa Kawangware. Wa Kawangware walidhani ni wa Machakos.

Uani palikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki, na Prado nyeusi imeegeshwa karibu na lango. Lindqvist alikuwa ameketi meza ya mbele, ndani ya shati la kitenge, akila njugu. Gathogo alimtambulisha kwa watu kama rafiki wa biashara, kisha akaingia nyumbani na wazee wenzake kuanza mazungumzo.

Syombua alipekua. Alipita nyuma ya vyumba vya kupanga, akachungulia ghala la saruji, akapiga mapipa kwa kidole. Mfukoni alikuwa na kalamu ya kunusa petroli, kifaa ambacho Kitengo kilikisifu sana. Kilitakiwa kutetemeka kikipata harufu. Tangu asubuhi kilikuwa kimetetemeka kwa kila pikipiki iliyopita, na hapa kilitetemeka bila kukoma, kwa kuwa palikuwa na pikipiki kila kona. Alikizima kwa hasira.

Hakukuwa na lori la mafuta.

"Mzinga, hapa kuna mahema, mbuzi na lori la maji. Hakuna kitu."

"Basi tumekosea," Wepukhulu alisema. "Ondoka kabla hawajakuuliza wewe ni wa nani."

Simu ya Syombua ikalia. Ilikuwa Mercyline, mtoa habari wake mwenye kibanda cha mafuta ya taa Kibera, upande wa Nyayo Highrise. Alhamisi alinunua mtungi mmoja wa sampuli kutoka kwa mgeni mwenye mkokoteni, akajaribu kwenye stovu yake mwenyewe kabla ya kumuuzia mtu. Mkono wake wa kulia sasa ulikuwa ndani ya bandeji hadi kwenye kiwiko. Daktari alitaka alale hospitalini. Alitoroka ili aje kuwaonya wenzake.

"Syombua, hawa watu hawaniskii," alisema. "Wauzaji wote washaambiwa gari inakuja saa kumi. Wamepanga mitungi. Nikiwaambia ni petroli, wananiambia niko na wivu kwa vile niliungua mapema."

"Usiuze. Waambie wasiuze."

"Na bei ya pump nayo, umeiona? Nani atakataa ya bei rahisi? Mimi mwenyewe singekataa."

Syombua alitazama saa yake ya Casio. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Hakuwa na lori, hakuwa na kibali, na hata gari hakuwa nalo. Alikuwa na soda mkononi katika sherehe ya watu asiowajua.

Nyuma yake wanawake wakaanza kugombana.

Jiko lilikuwa pale uani, chini ya turubai. Mioto mitatu ya kuni ilikuwa ikiwaka chini ya sufuria za njahi, yale maharagwe meusi, pilau na nyama, na aliyesimamia kila kitu alikuwa Wakarima, dada mkubwa wa Gathogo, mwanamke mpana aliyeshika mwiko mrefu kama kasia. Mfereji wa Kawangware ulikuwa umekauka tangu Jumatano. Wasichana walikuwa wakitumwa mara kwa mara kununua maji ya mtungi kutoka Riruta Satellite, wakirudi wamelowa jasho.

Na lori la maji lilikuwa limesimama pale pale. Lilipakwa rangi ya buluu, na ubavuni limeandikwa MAJI SAFI.

"Wee kijana," Wakarima alimwambia dereva. "Gari imejaa hivi, na mimi nanunua maji ya mtungi kupikia wageni wa ndugu yangu? Fungua hiyo mfereji."

"Hiyo maji ni ya mtu, mathe," dereva alijibu. Jina lake lilikuwa Mutuku, kijana mwembamba aliyekuwa akitafuna kucha. "Siwezi fungua."

"Mtu gani? Hii ni kwa Gathogo. Tutajaza mitungi kumi tu."

"Siwezi. Na nilisema msogeze hiyo moto. Nimewaambia mara mbili."

Syombua akageuka.

Nani huhofia moto karibu na maji?

Wazo lilimshukia lote kwa pamoja. Lori la mafuta lilivuka mpaka. Mafuta yalibaki kwenye kitu ambacho hakuna askari angekisimamisha kokote Nairobi. Lilikuwa wazo la akili sana, kwa mtu ambaye hajawahi kukosa maji. Kama Lindqvist angelipaka lori rangi ya gari la maziwa, au la taka, lingekaa Kawangware mwezi mzima bila kuguswa. Yeye alileta maji kwenye mtaa ambao mfereji umekauka, siku ya kupikia wakwe.

Lakini furaha haikupata nafasi. Wakarima alikuwa amechoka kuomba. Alikuwa ameshika spana kubwa na kuinua mkono ili aivunje kufuli ya mfereji wa lori. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi nyuma yake. Moto wa karibu ulikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na upepo ulikuwa ukielekea huko.

Kupiga kelele hakungefaa. Neno petroli likisikika, watu wote hao wangekimbilia lango moja, watoto chini ya miguu, na sufuria zingepinduka juu ya moto.

Alivuka ua bila kukimbia, akaushika mkono wa Wakarima hewani.

"Mama, ngoja."

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Machakos. Ngoja kidogo tu." Syombua alipitisha kidole chini ya mfereji, mahali palipokuwa pakidondosha tone moja moja, akakisogeza puani mwa yule mama. "Nusa."

Wakarima alinusa. Uso wake ukabadilika, lakini mdomo haukufunguka. Alikuwa mtu mzima. Aliitazama mioto mitatu, akatazama mahema, akatazama watoto waliokuwa wakicheza chini ya lori.

"Ndugu yangu anajua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anajua ni magendo. Sidhani alifikiria mtakoka moto hapa."

"Hajawahi fikiria," Wakarima alisema. Machozi yalimlengalenga, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. "Siku ya Shiru. Amechagua siku ya Shiru."

Kisha akawageukia wanawake wake na kuongea Kikuyu, polepole, kama anayewaambia wapunguze chumvi. Hakuna aliyepiga yowe. Wawili waliwachukua watoto na kuwapeleka nje kununuliwa peremende. Wengine waliinua mitungi ya maji, yale yale waliyoyanunua, na kuyamwaga juu ya kuni. Mioto ikafa ikifukuta. Njahi haikuwa imeiva. Nyama ilikuwa ngumu bado. Mwanamke mmoja alikuwa akilia huku akimwaga, kwa kuwa pilau ilikuwa imebakiza kidogo tu.

Mutuku aliuona mvuke. Akaelewa. Aliruka kwenye kiti cha dereva, mkono ukitafuta ufunguo.

Syombua alikuwa ameshaishika Glock chini ya lesso alipokumbuka kilichomo tangini. Risasi moja pale na Kawangware yote ingesikia. Bunduki ya serikali, mafunzo ya miaka miwili, na haviwezi kutumika. Aliachilia bunduki, akanyakua mwiko wa Wakarima kwenye sufuria ya njahi, akapanda kidato cha lori.

Mutuku alipogeuza kichwa alikutana na mbao iliyojaa njahi.

Ufunguo ulianguka. Alijaribu kuufuata, akapigwa tena, mara hii kwenye kiwiko. Syombua alimvuta chini kwa ukosi, akamlaza kifudifudi, akamfunga mikono kwa lesso.

"Nani amekutuma Kibera?" alimwuliza kwa Kikamba.

"Mzungu," Mutuku alisema, njahi zikimdondoka. "Lakini mimi niliambiwa ni mafuta ya taa. Nilinusa tu leo. Naapa."

"Na ukanyamaza."

Mutuku aliuficha uso udongoni.

"Mzinga, hapa Nyuki Mbili. Lori la maji. Ndilo lenyewe. Leteni polisi na zimamoto."

"Polisi wako njiani," Wepukhulu alisema aliporudi hewani baada ya dakika chache. "Lakini wamekwama. Kuna gari moja limeziba barabara, liko ndani ya shimo."

"Gari la aina gani?"

"Subaru."

Syombua alifumba macho. Kuna siku mtu huona kwamba nchi nzima imekaa kikao kumkomesha.

Mezani, Lindqvist alikuwa ameacha kula njugu. Aliliona jiko lililozimwa, akamwona dereva wake chini. Hakukimbia. Alisimama, akalinyoosha shati lake la kitenge, akaingia ndani ya Prado na kuiwasha.

Syombua alikuwa mbali, na kati yao kulikuwa na viti na wazee wenye fimbo. Asingefika.

"Mama," alimwita Wakarima. "Mgeni wenu anaondoka bila kula."

Wakarima alimtazama mara moja tu. Alijifunga kanga upya, akaelekea langoni, na wanawake wote wakamfuata. Lango la chuma likafungwa. Wimbo ukaanza, ule ule wa kupokea wageni, safari hii ukielekezwa ndani.

Lindqvist aliteremsha kioo akitabasamu. Alipoingia alikuwa ameimbiwa vivyo hivyo, akatoa noti, akapigiwa vigelegele, na jambo hilo lilimpendeza mno. Alitoa noti. Wakaipokea, wakaendelea kuimba. Alitoa nyingine. Wakarima alimwomba ashuke acheze, kwa kuwa kwao mgeni mkubwa hachezi akiwa ameketi. Lindqvist alitazama nyuma, akatazama lango, akaona njia ya haraka ni kuwaridhisha. Alishuka, akacheza. Alicheza vibaya, kwa moyo wote, katikati ya wanawake waliokuwa wakimpigia makofi na kumzunguka kwa karibu zaidi na zaidi. Alipogundua kwamba hakuna aliyekuwa akicheka, ufunguo wa Prado ulikuwa kifuani mwa Wakarima.

Polisi walifika kwa miguu, viatu vimejaa matope.

Gathogo alitoka nyumbani na wazee wake kuuliza kwa nini chakula kinachelewa. Alikuta dada yake amesimama mbele ya mlango.

"Chakula kimezimwa," Wakarima alimwambia mbele ya wakwe. "Na wewe ndiye umekizima. Ungetuchoma sote, na Shiru ndani."

Gathogo aliliangalia lori la maji, kisha mioto iliyokufa, akaketi juu ya kreti. Watu wa Machakos, ambao walikuja kulishwa, walifungua mikate na soda walizoleta wenyewe wakaanza kuwagawia wenyeji wao.

Lindqvist alipitishwa mbele ya Syombua akiwa na pingu. Alisimama kidogo.

"Bei itapanda tena," alisema kwa Kiswahili chake safi. "Barabara zitakuwa mbovu zaidi. Watu wako watatafuta cha rahisi, na mtu mwingine atawaletea. Umezuia nini hasa?"

Syombua aliurudisha mwiko jikoni, akautundika, akatoka langoni bila kuaga, swali hilo likimfuata. Gari la zimamoto, lililopata njia baada ya Subaru kuvutwa pembeni, lilikuwa likiyumbayumba kuja, polepole kama mzee mwenye goti bovu. Jua lilikuwa limeanza kulegea na saa kumi ilikuwa imepita.

Simu ikalia.

"Gari haijakuja," Mercyline alisema. Nyuma yake kulikuwa na zogo la watu.

"Haitakuja."

"Basi wamenigeukia mimi. Wanasema nimeita polisi ili waendelee kununua ya bei ghali. Wananitusi, Syombua. Mmoja amesema huu mkono nilijichoma mwenyewe."

"Wanakutusi wangapi?"

"Wote. Hakuna mwenye amebaki."

Syombua alisimama katikati ya barabara iliyovunjika. Alisikiliza zogo lile kwenye simu, sauti za watu wa Kibera walio hai, wenye hasira na njaa, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa ukali. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mabega yake yalilegea.

"Wote?" aliuliza tena.

"Wote, nakuambia."

"Basi iko sawa," alisema.

Aliirudisha simu mfukoni, akakunja suruali hadi magotini, akaendelea kutembea.